Alteneta ya mtumba ilivyoirudisha Corolla yangu barabarani

Taa ya betri kwenye dashibodi iliwaka usiku, nikiwa kwenye foleni ya Ubungo, na taa za mbele zikazidi kufifia. Gari ni la 1998. Fundi mmoja akasema betri imekufa, nikanunua mpya; hela ikaenda bure. Kesho yake mita ilisoma volti 12.1 injini ikiunguruma, wakati ilitakiwa kufika 14 hivi. Alteneta, mashine inayozungushwa na injini ili kuchaji betri, haichaji.

Mpya sikuiweza, nikaenda Gerezani, Dar, kwenye maduka ya spea za mtumba, na ile mbovu mkononi. Hapo ndipo wengi tunapopigwa. Ya kwanza ilifanana kabisa, ila puli, gurudumu linalopita mkanda, ilikuwa na mifereji mitano, yangu minne. Ya pili, soketi ya waya ikakaa. Nikaizungusha kwa kidole karibu na sikio: kimya, beringi nzima. Nikachungulia kaboni, zile zinazolika kwa msuguano ndani, bado ndefu. “Kaka, isipochaji narudi nayo kesho,” nikamwambia muuzaji. Akakubali, nikamwandikisha kwenye risiti.

Nilichomoa waya wa hasi wa betri kwanza, nikafungua kwa spana ya 12 na ya 14, nikafunga, nikakaza mkanda. Mita: 14.2. Nikawasha taa, feni na redio: 13.9. Mkanda ulipiga kelele asubuhi mbili, nikaukaza tena kidogo, ukanyamaza.