Canada, Zambia au kubaki: tulivyopima hesabu yetu Lubumbashi

Mimi ni fundi umeme. Kwa miaka mingi nimetumika katika makampuni madogo yanayohudumia migodi ya upande wa Likasi na Kolwezi, mikataba mifupi mifupi, leo upo kesho haupo. Mke wangu ni mhasibu katika ofisi ya kutoa mizigo forodhani. Tunakaa Kampemba, hapa Lubumbashi, Kongo. Malori ya shaba na kobalti yanapita mchana na usiku kuelekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na watoto wetu wanasoma kwa taa ya betri. Hilo lilinikera kuliko hata mshahara, pengine kwa sababu umeme ndio kazi yangu.

Tulipoanza kuwaza kuhama, kila ndugu alikuwa na jibu lake. Wakala mmoja mjini alitaka dola za "kutuandikisha" Canada. Tulisoma wenyewe tukakuta kufungua wasifu kwenye Entrée express, mfumo wa Canada wa kupokea wahamiaji wenye ujuzi kwa mtandao, ni bure. Malipo yanakuja baadaye, ukishaalikwa na kutuma maombi. Tukaachana naye.

Kubishana kama maisha ya huko ni mazuri hakuishi. Kwa hiyo tuliacha ubishi, tukamwaga makaratasi yote mezani, kila mtu na rundo lake.

Rundo langu lilitia huruma. Canada wanataka barua ya mwajiri inayotaja cheo, kazi ulizokuwa ukifanya, saa kwa wiki na mshahara. Barua zangu zinasema bwana fulani alitumika kwetu vizuri, muhuri, basi. Makampuni mengine yalishafunga. Nimwombe nani aandike upya? Halafu jina: diploma inasema Muamba, paspoti inasema Mwamba. Hapa kwetu hakuna anayejali, lakini afisa aliye mbali ataona watu wawili. Rundo la mke wangu lilikuwa na mkataba, karatasi za mshahara za kila mwezi na michango ya CNSS (mfuko wa hifadhi ya jamii), na bosi wake alimwandikia barua kamili bila kusumbua.

Umri nao ulisema. Canada inapanga waombaji kwa alama. Alama za umri zinakuwa kamili kati ya miaka 20 na 29, zinapungua kuanzia 30, na ukifika 45 hupati kitu. Mimi nimepita 40, yeye bado. Tena katika majimbo kama Ontario na Québec, fundi umeme lazima kwanza apate kibali cha ufundi cha huko. Hesabu ikatoka wazi: mwombaji mkuu awe yeye, mimi nifuate kama mume. Mzee wangu hakupenda. "Sasa mwanamke ndiye atakupeleka?" Nikamjibu, "Baba, barua zake ndizo zinasomeka."

Kifaransa kina uzito. Tangu 2023 Canada inafanya raundi maalumu za mialiko kwa wanaojua Kifaransa, na sharti ni ngazi ya 7 ya kipimo chao katika kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Kusoma kwa Kifaransa tangu shule ya msingi hakukuondolei mtihani. Mke wangu alicheka, lakini kwenye mazoezi ya kuandika aliacha kucheka.

Fedha ndiyo ilikuwa ngumu. Bila ajira iliyokubaliwa huko, lazima uonyeshe akiba, na isiwe ya mkopo. Barua ya benki inataja pia wastani wa salio la miezi 6 iliyopita. Sisi akiba yetu inazunguka kwenye likelemba, mchezo wetu wa kupeana fedha kwa zamu! Ukipokea zamu yako leo na kuipeleka benki kesho, wastani hausemi chochote kizuri. Tukafungua akaunti ya dola ambayo hakuna anayeigusa, hata kukiwa na msiba.

Kisha nikampigia yaya, ndugu yangu mkubwa, aliye Montréal. "Yaya, usinifiche." Hakunificha. Hapa alikuwa mwalimu. Kule anapakia mizigo ghalani usiku. Watoto wake wanasoma vizuri, hospitali ipo, taa haizimiki. Mama alipofariki, yeye alifuata mazishi kwenye simu. Nilipomuuliza kama angerudi, alisema hapana, haraka kuliko nilivyotegemea.

Solwezi, Zambia, ilikuwa na mvuto wake. Migodi ya huko inahitaji ufundi wangu, na msiba ukitokea napanda basi. Lakini kibali cha kazi kinaombwa na mwajiri na kinakushika kwake. Mke angeacha kazi, watoto wangeanza upya kwa Kiingereza. Kwangu mimi peke yangu ningekwenda. Kwa nyumba nzima, hapana.

Basi tumekubaliana hivi. Mke wangu anafanya mtihani, na wasifu unafunguliwa kwa jina lake. Wasifu unakaa miezi 12 na unaweza kufunguliwa tena, ila matokeo ya Kifaransa yanaisha nguvu baada ya miaka 2. Hapo ndipo tumeweka mpaka: yakiisha bila mwaliko, akiba inajenga nyumba kwenye kiwanja chetu cha Kalebuka, na neno Canada halitajwi tena wakati wa kula bukari (ugali). Kiwanja hatukiuzi kwa sasa. Kuna mnunuzi anakitaka sana; nimemwambia angoje Ottawa kama sisi.