Uji wa Kitanda cha 11

Uji ulikuwa umeshika utando juu, na nzi alikuwa amenasa ukingoni mwa kikombe. Ilikuwa siku ya pili. Nikatoa kalamu, nikaandika kwenye chati ya mgonjwa wa kitanda cha 11: amekataa chakula. Nikatia saini, nikasogea kitanda cha 12.

Ilikuwa 2009, nami ni mwanafunzi wa uuguzi katika hospitali moja magharibi mwa Uganda. Mama wa kitanda cha 11 alikuwa mkimbizi kutoka Kongo, wa kabila la Wahunde wa Masisi. Alivuka mpaka pamoja na maelfu waliokimbia vita vya Kivu Kaskazini mwishoni mwa 2008, akafikia makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro. Alikuwa na saratani ya titi la kushoto, na ilikuwa imeshapasua ngozi. Kidonda kilikuwa na upana wa kiganja changu, na kilinuka. Siwezi kulisema hilo kwa kificho, maana harufu ndiyo iliyoamua kila kitu mle wodini. Majirani zake walilala wakimgeuzia mgongo. Kitanda chake kilisukumwa hadi kona, pazia likavutwa, na sisi wanafunzi tukazoea kupita pale haraka haraka.

Aliyewahi kulaza mtu katika hospitali zetu anajua kwamba mgonjwa haji peke yake. Huja na dada, binti au shangazi, mwenye mkeka, sufuria na jerikeni. Huyo ndiye anayempikia, anayemwosha, anayemfulia shuka, anayemwaga beseni la haja. Usiku analala sakafuni kando ya kitanda. Manesi ni wachache mno kwa kazi hizo, na mfumo mzima umejengwa juu ya mgongo wa ndugu. Chini ya kitanda cha 11 hapakuwa na mkeka.

Kuna jambo zito kuliko ule uji. Siku aliyolazwa, nilimsikia akisema peke yake, taratibu, uso ukutani: "Ee Mungu, nimekuwa takataka." Nilimwelewa neno kwa neno. Baba yangu alikuwa askari, nimezaliwa na kukulia kambini, na Kiswahili ndiyo lugha tuliyogombania nayo mpira na kuombea chakula. Lakini katika chuo cha uuguzi nilikuwa nimejifunza kukificha. Wauganda wengi wa rika la wazazi wetu wakisikia Kiswahili husikia bunduki, kizuizi cha barabarani na mlango unaopigwa teke usiku, maana kwao ni lugha ya askari. Katiba ilirekebishwa 2005 kikawa lugha rasmi ya pili, ila mioyo ya watu hairekebishwi bungeni. Kwa hiyo nilipoulizwa kama kuna anayeweza kuongea na yule Mkongomani, nilitazama viatu vyangu.

Wiki hiyohiyo tulikuwa na jaribio kuhusu Virginia Henderson, muuguzi wa Marekani aliyeyapanga mahitaji ya msingi ya binadamu yakawa 14. Nilikuwa nimeyakariri kama sala: kupumua, kula na kunywa, kutoa taka za mwili, kujongea, kulala, kuvaa, na kuendelea, hadi la kumi, kuwasiliana na wengine na kueleza hisia, haja na hofu, na la kumi na moja, kuabudu kwa imani yake. Nilipata yote 14. Karatasi ile ilikuwa mfukoni mwa gwanda langu nilipoingia zamu ya usiku.

Yapata saa saba usiku nikamsikia. Hakuwa analia kwa sauti. Alikuwa anavuta pumzi kwa meno, kama mtu anayekanyaga mwiba na kukanyaga tena. Nikafungua pazia. Sijui ni usiku au ni kwamba hapakuwa na mwanafunzi mwenzangu karibu, lakini maneno yakatoka.

"Mama, pole. Unaumwa wapi?"

Akageuka polepole, akanitazama muda mrefu.

"Weye unajua Kiswahili?"

"Naam, mama."

"Siku zote hizi?"

Sikuwa na jibu. Nikavuta kiti nikaketi, na hadi leo sidhani kama nimewahi kufanya tendo la kiuguzi lililo kubwa kuliko kuketi pale. Baada ya kitambo nikamuuliza kwa nini hali. Nilitarajia aseme hana hamu, au kichefuchefu. Akasema: "Mwanangu, nikikula, nani atanitupia?"

Alikuwa anajinyima uji na maji ili asihitaji beseni. Hana wa kulimwaga. Mara moja, siku ya kwanza, lilikaa chini ya kitanda tangu asubuhi hadi jioni, na aibu ile ilimuuma kuliko kidonda. Hitaji la pili alilikataa kwa sababu hitaji la tatu halikuwa na mtu, na la tatu halikuwa na mtu kwa sababu la kumi nililifunga mimi mwenyewe. Kwenye chati ilisomeka kama ukaidi. Tunafundishwa kwamba mchakato wa uuguzi huanza na kukusanya taarifa: kuuliza, kutazama, kusikiliza, kugusa, ndipo useme tatizo ni nini, upange, utende, kisha upime kama ulichotenda kimesaidia. Mimi nilianza na hukumu.

Nilikwenda kumweleza sista wa zamu. Hakunigombeza. Alivaa glavu, akachukua beseni safi na maji ya uvuguvugu, akaniambia, "Njoo, na umtafsirie kila ninachofanya kabla sijafanya." Usiku ule yule mama alikunywa vikombe viwili vya uji, wa pili akiushika mwenyewe.

Asubuhi sista akaita hospisi, huduma ya wagonjwa ambao maradhi yao hayaponi. Uganda imebahatika katika hili: daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na tangu 2004 sheria inawaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza mateso ya ugonjwa, kumwandikia mgonjwa mofini, dawa kali ya maumivu. Aliyekuja, basi, hakuwa daktari bali muuguzi, na ndiye aliyeiandika, mofini ya maji, ya kunywa. Alieleza kwamba Cicely Saunders, aliyefungua hospisi ya St Christopher's huko London mwaka 1967, alikuwa muuguzi, kisha afisa ustawi wa jamii, kabla hajasomea udaktari, na ndiyo maana aliona kwamba maumivu ya mtu ni ya mwili, ya akili, ya kijamii na ya roho kwa pamoja. Nilikuwa nimeyasoma hayo bila kuyaona. Muuguzi yule aliyatenda mbele yangu kwa saa moja na nusu.

Alianza na dawa, akasubiri ikolee. Kisha akalowesha bandeji iliyogandamana na nyama kwa maji ya chumvi, kijiko kidogo katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa, akaacha ilegee yenyewe. Mimi niliwahi kuona bandeji hiyo ikivutwa kavu. Akachukua vidonge vya metronidazo, akavisaga kati ya vijiko viwili hadi vikawa unga laini, akaunyunyizia juu ya kidonda kama mtu anayetia chumvi samaki. Ile harufu hutokana na bakteria wanaoishi penye nyama iliyokufa pasipo hewa, na dawa hiyo huwaua. Saratani ilibaki palepale. Lakini siku ya nne mgonjwa wa kitanda cha 10, mama wa Kinyankole, alivuta pazia mwenyewe akamuuliza kwa ishara kama anataka ndizi.

Na kwa kuwa mofini hufunga choo, alituagiza mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa. Mimi nilizianika kwenye dirisha la chuo.

Kulibaki jambo ambalo dawa haikuligusa. Mama alikuwa na fundo kwenye pindo la kitenge, na kila tulipombadilisha nguo alilibana kiganjani. Nilidhani ni pesa au rozari. Siku alipolifungua mbele yangu ilikuwa kadi ya mgao wa chakula. Jina lake ndilo lililokuwa juu. Mjukuu wake wa miaka tisa alikuwa amebaki Nakivale kwa jirani, na siku ya mgao ilikuwa inakaribia. Kadi iko hospitalini, mtoto yuko kambini. Alikuwa amelala na hesabu hiyo usiku baada ya usiku, na hakuna aliyemuuliza. Tulimwomba afisa ustawi wa jamii, ambaye alipiga simu, akaandika barua, na kadi ikaondoka na gari la wagonjwa lililokuwa linarudi Nakivale. Jioni simu ikaja kwamba jirani ameipokea. Mama akalala kuanzia saa mbili hadi alfajiri bila kuomba dozi ya ziada.

Kesho yake niliifungua chati. Kumbukumbu ya mgonjwa haifutwi. Unapiga mstari mmoja ili kosa lisomeke, unaandika lililo sahihi, unaweka tarehe na jina. Nikapiga mstari juu ya yale maneno mawili. Pembeni nikaandika: hana wa kumhudumia, anahofia kuomba beseni.

Aliruhusiwa baada ya wiki tatu, si kwa kupona. Alitaka kuwa na mjukuu wake, na muuguzi wa hospisi akaahidi kumfuata huko. Hakuwa na saa, kwa hiyo tulikaa kitandani tukizitafutia dozi alama anazozijua. Saa kumi na mbili asubuhi, jogoo. Saa nne, watoto wakitoka darasani kucheza. Saa nane, kivuli cha nyumba kikianza kurefuka upande wa mlango. Saa kumi na mbili jioni, kengele ya kanisa. Saa nne usiku, jirani akizima redio, vipimo viwili kwa mpigo ili apite usiku.

Gari lilipofika alizirudia zote, akikunja kidole kimoja kwa kila dozi, chupa ikiwa kwenye fundo la kitenge pale ilipokuwa kadi. Alipofika kidole cha tano akanitazama.

"Redio," nikasema.

"Redio," akasema, "mbili."