Asaimenti ya alama kumi, tangu inapotolewa hadi inaporudi mikononi mwako

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anapoambiwa kwamba mtihani wa mwisho wa muhula, yaani UE, una alama 60 na tathmini endelevu, yaani CA, ina 40, mara nyingi huamua moyoni kwamba kazi yenyewe iko kwenye UE. Hesabu haikubaliani naye. Chukua chuo kinachotumia mgawanyo huo na kutoa A kuanzia alama 70, kama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Anayeingia chumba cha mtihani akiwa na CA ya 30 anahitaji 40 kati ya 60 ili apate A. Aliyeingia na 18 anahitaji 52 kati ya 60, na katika kozi za insha alama kama hizo hazitolewi kirahisi. Yaani A yake imeshaondoka kabla hajafunua karatasi ya maswali, na mara nyingi imeondoka kwa alama mbili hapa, tatu pale, kwenye asaimenti aliyoiona ndogo.

Kwa hiyo tuishughulikie hiyo asaimenti ndogo, ile ya mtu mmoja, yenye alama 10, maneno 1,500, uliyopewa wiki mbili kuiandika.

Kwanza, inastahili muda gani? Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inahesabu krediti moja kuwa saa 10 za kujifunza, zikiwemo za darasani, za semina, za kujisomea na za kazi unazoandika. Kozi ya krediti 12 basi ni saa 120 kwa muhula mzima. Kazi yenye alama 10 kati ya 100 ukiipa sehemu ya kumi ya muda huo, unapata saa 12. Saa moja ya kulisoma swali, nne za kutafuta na kusoma, moja ya kupanga hoja, nne za kuandika, mbili za kusahihisha na kuweka marejeo sawa. Saa 12 ndani ya siku 14 hazimchoshi mtu. Saa hizo hizo ukizirundika ndani ya usiku mmoja, cha kwanza kukatwa ni kusoma, na kazi isiyo na usomaji nyuma yake humfikia msahihishaji ikiwa uchi tangu aya ya pili.

Saa ile moja ya kulisoma swali ndiyo wengi wanaiona ya kupoteza, na ndiyo inayobeba alama nyingi kuliko zote. Tuseme umepewa hili: "Jadili mchango wa Azimio la Arusha katika utoaji wa elimu ya msingi Tanzania kati ya 1967 na 1985." Liandike kwa mkono kwenye karatasi, ulikate vipande vinne. Amri ni "jadili". Mada ni Azimio la Arusha. Kipengele ni utoaji wa elimu ya msingi. Mipaka ni Tanzania, 1967 hadi 1985. Sasa angalia kinachotokea kwa asiyelikata. Anaandika ukurasa mzima na nusu juu ya kikao cha Halmashauri Kuu ya TANU kilichofanyika Arusha Januari 1967, kutangazwa kwa Azimio tarehe 5 Februari, kutaifishwa kwa mabenki siku iliyofuata, masharti ya uongozi. Yote ni kweli, na karibu yote hayana alama, kwa sababu swali halikuuliza Azimio lilitokeaje. Liliuliza lilifanya nini kwenye elimu ya msingi.

Aliyelikata anaanzia kwingine. Anajua lazima aguse Elimu ya Kujitegemea iliyotolewa Machi 1967, Azimio la Musoma la 1974, kampeni ya Elimu ya Msingi kwa Wote iliyoanza kutekelezwa 1977, na Sheria ya Elimu ya 1978. Na kwa kuwa amri ni "jadili", wala si "eleza" au "orodhesha", anajua pia kwamba anatakiwa kuupima mchango huo: watoto waliongezeka darasani, lakini walimu, vitabu na majengo viliwafuata kwa kasi ileile? Makini zaidi atagundua jambo jingine kwenye neno "Tanzania". TANU ilikuwa chama cha Bara hadi kuungana na ASP, chama cha Zanzibar, mwaka 1977, na Zanzibar ilikuwa ikiendesha elimu ya msingi yenyewe. Sentensi moja kwenye utangulizi, ikisema kwamba mjadala utajikita Tanzania Bara na kwa nini, inamwonyesha msahihishaji kwamba anasoma kazi ya mtu aliyefikiri.

Amri nyingine nazo zina madai yake. "Linganisha" inataka vitu viwili vipimwe kwa vigezo vilevile, hatua kwa hatua. Ukieleza cha kwanza kurasa mbili na cha pili kurasa mbili umeandika asaimenti mbili fupi, hujalinganisha. "Chambua" inataka jambo livunjwe katika sehemu zake na uhusiano wa sehemu hizo uonekane. "Tathmini" inataka hukumu yenye kigezo, na kigezo hicho ukitaje mapema. Swali likiwa halieleweki, muulize mhadhiri ndani ya siku tatu za kwanza, ana kwa ana saa zake za ofisini au kupitia CR, yaani mwakilishi wa darasa. Swali la ufafanuzi likiulizwa siku moja kabla ya kukusanya husikika kama ombi la kuongezewa muda.

Kwenye kusoma, madesa, yaani notsi, ya waliotangulia yatakuonyesha kozi inahusu nini, lakini hayafai kuwa chanzo. Hujui nani aliyaandika, mwaka gani, wala alinukuu wapi, na makosa yake yamekuwa yakirithishwa tangu darasa hadi darasa. Anza na vitabu vilivyotajwa kwenye muhtasari wa kozi, kisha marejeo ya vitabu hivyo. Kwa makala za majarida, African Journals Online ina makala nyingi za watafiti wa Afrika zinazopakuliwa bure, na Google Scholar ukiipata makala moja nzuri inakuonyesha waliokuja kuinukuu baadaye, hivyo unasonga kutoka ya zamani kwenda mpya. Majarida ya kulipia ambayo chuo kimejiunga nayo mara nyingi hufunguka ukiwa kwenye mtandao wa chuo tu, kwa hiyo pakua ukiwa kampasi, kabla hujarudi geto. Kwa kazi ya maneno 1,500, vyanzo sita hadi nane ulivyovisoma kweli vinatosha. Ishirini ulivyoviona vichwa vya habari tu vinajifichua vyenyewe, kwa sababu kila kimoja kitatajwa mara moja, kwa jambo la jumla, bila ukurasa.

Kila unaposoma andika mambo manne papo hapo: jina la mwandishi, mwaka, jina la kazi na namba ya ukurasa. Namba ya ukurasa ndiyo inayosahaulika, na ndiyo itakayokurudisha maktaba saa mbili usiku wakati unatakiwa uwe unasahihisha.

Kozi nyingi za vyuo vya Tanzania zinafundishwa kwa Kiingereza huku majadiliano kwenye vimbweta, yaani meza za kujisomea nje, yakienda kwa Kiswahili. Usilionee haya jambo hili, litumie. Panga hoja zako kwa Kiswahili, kila hoja sentensi moja kamili. Hoja ikishindwa kukaa ndani ya sentensi moja ya lugha unayoimudu, tatizo ni hoja, si Kiingereza. Ikishakaa, ndipo uiandike kwa lugha ya kozi. Kilicho kibaya ni kuandika insha nzima kwa Kiswahili na kuimimina kwenye programu ya kutafsiri. Istilahi za fani huvurugika, na msahihishaji anajua istilahi za fani yake kuliko anavyojua sarufi.

Kwa maneno 1,500, utangulizi uchukue kama 150, hitimisho 150, na zilizobaki 1,200 zigawe kwa hoja nne za maneno 300. Hoja nne zenye ushahidi zinapata alama kuliko kumi zilizotajwa na kuachwa. Ndani ya kila hoja msomaji aone dai, ushahidi wenye chanzo, kisha maelezo yako ya jinsi ushahidi huo unavyolibeba dai. Kipande hiki cha tatu ndicho kinachokosekana kwenye kazi nyingi za mwaka wa kwanza na wa pili: nukuu inawekwa, aya inafungwa, mwanafunzi anaendelea mbele kana kwamba nukuu imejieleza yenyewe.

Wizi wa maandishi mara nyingi hautokani na nia mbaya, unatokana na mbinu mbaya. Mwanafunzi anafungua makala upande mmoja wa skrini, insha yake upande wa pili, halafu anabadilisha neno mojamoja. Mfumo wa sentensi unabaki wa mwandishi wa makala. Funga makala. Kaa dakika chache, andika ulichokielewa bila kuangalia, kisha ifungue kuhakikisha hujapotosha na uweke chanzo. Chanzo kinawekwa hata kama maneno yote ni yako, kwa sababu wazo si lako. Na makala ya Kiingereza ukiitafsiri kwa ajili ya kozi ya Kiswahili, bado ni ya mwenyewe.

Turnitin, programu ambayo vyuo hutumia kukagua kufanana kwa maandishi, inaogopwa kwa sababu haieleweki. Asilimia inayotoa ni ya maandishi yaliyofanana na yaliyo kwenye hazina yake, haisemi umeiba. Orodha ya marejeo na nukuu zilizofungwa vizuri zinaweza kuipandisha, na ndiyo maana mhadhiri anafungua ripoti yenyewe badala ya kusoma namba tu. Kila chuo au idara ina kikomo chake, kitafute kwenye mwongozo. Kuna mtego mmoja unaoumiza watu wasio na kosa: kupeleka rasimu steshenari ili "ipimwe" kwa malipo. Akaunti inayotumika pale ikiwa imewekwa kuhifadhi kazi, rasimu yako inaingia kwenye hazina, na ukiwasilisha chuoni inafanana na yenyewe karibu yote. Kujieleza baada ya hapo ni kazi kubwa. Pima kupitia ukumbi wa kozi yako kwenye mfumo wa chuo pekee, kama mhadhiri ameruhusu kuwasilisha zaidi ya mara moja. Kumbuka pia kwamba ripoti za mara tatu za mwanzo hutoka haraka, na baada ya hapo kila ripoti mpya husubiri saa 24.

Akili mnemba nayo ina ugonjwa wake: hutunga marejeo. Mwandishi yupo, jarida lipo, makala haipo. Kabla ya kuweka chanzo chochote ulichotajiwa na programu hizo, kifungue kwa macho yako. Na kama kozi imekataza kuzitumia, hapo hakuna mjadala.

Marejeo yafuate mtindo mmoja ulioagizwa, mwanzo hadi mwisho. Kila jina lililo ndani ya kazi liwepo kwenye orodha, na kila lililo kwenye orodha liwepo ndani. Linaloanza ni jina la ukoo: Nyerere, J. K., si Julius, N. Kama umesoma maneno ya mtu ndani ya kitabu cha mwingine, sema hivyo. Usijifanye umesoma cha kwanza.

Kazi za kikundi zina sheria moja ambayo haina huruma: kipande kilichonakiliwa na mmoja kinawaangusha wote waliotajwa kwenye jalada. Gawaneni hoja, lakini mteueni mtu mmoja wa kuunganisha, na apate vipande siku tatu kabla. Akivipata usiku wa mwisho, Azimio litafafanuliwa mara nne kwa fasili nne.

Sasa kukabidhi. Vyuo vingi vinatumia Moodle, mfumo wa kozi wa mtandaoni, na hapo watu hupoteza kazi waliyokwisha kuimaliza. Kupakia faili peke yake si lazima kuwe kuwasilisha. Mhadhiri akiwa ameweka hatua ya uthibitisho, kuna kitufe cha pili cha kubonyeza, na usipokibonyeza hali ya kazi yako itabaki "Draft" badala ya "Submitted for grading". Soma maneno hayo kwenye skrini, yapige picha pamoja na saa. Muda unaohesabika ni wa mfumo, si wa simu yako. Pakia saa kadhaa kabla, kwa sababu dakika za mwisho darasa zima liko pale na intaneti inaelemewa. Hifadhi kama PDF iliyotoka kwenye programu ya kuandikia. Kurasa zilizopigwa picha kwa simu ni picha tu, na Turnitin haiwezi kusoma maandishi yake. Kisha pakua ulichopakia na ukifungue. Faili tupu au la kozi nyingine hugunduliwa hivyo.

Ikiwa unakabidhi karatasi, saini fomu ya kukusanya wewe mwenyewe, usimtume mtu, na ubaki na nakala.

Ukiugua, barua na cheti cha hospitali vifike idarani kabla ya tarehe ya mwisho, nawe ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa.

Alama za CA zikibandikwa, tafuta namba yako ya usajili siku hiyohiyo na linganisha kila alama na karatasi zilizosahihishwa, ambazo usizitupe hadi matokeo ya muhula yatoke rasmi. Mhadhiri anaweza kurekebisha 7 iliyoandikwa 1 kwa dakika mbili kabla ya UE. Ikishapita bodi ya mitihani, kosa hilohilo linahitaji barua, vielelezo na majuma ya kusubiri.