Mlango wa Saa Nane Usiku

Jana usiku simu iliita saa nane na dakika chache. Kabla sijaipokea, miguu ilishashuka kitandani inatafuta buti. Nimeacha jeshi la wanamaji miaka 11 sasa, ila mwili haujapewa barua yake ya kustaafu. Zamu niliyoichukia kuliko zote ilikuwa ile ya saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri, ukitoka huna usiku wala huna asubuhi. Mpaka leo simu ya saa hizo humwamsha mwanamaji kwanza; fundi funguo anafuata nyuma akipapasa miwani.

Aliyepiga ni kijana mmoja. Alitoka kumsindikiza mgeni, upepo ukausukuma mlango, kitasa kikajifunga. Funguo ziko ndani, kitambulisho kiko ndani. Kila anayenipigia usiku kitambulisho chake kiko ndani, na wengi wao wanasema kweli. Shida ni yule mmoja. Jeshini jambo hili halikunisumbua: aliye juu yangu akisema fungua, nafungua, akisema funga, nafunga. Kwenye mji mdogo kama huu amri najipa mwenyewe, na nikikosea nimemfungulia mwizi kwa mikono yangu, tena bila hata alama ya kuvunja.

Basi huwa nauliza swali moja: nikifungua, nitaona nini kwanza? Mwongo hutaja televisheni. Mwenye nyumba hutaja vitu vinavyomkera. Kijana alifikiri kidogo, akasema, "Baiskeli ya mtoto, haina gurudumu la mbele. Nimeahidi kuitengeneza tangu mwezi uliopita."

Nikapiga magoti.

Watu wanadhani nina funguo malaya, chuma kimoja kinachofungua mji mzima. Ninachobeba ni vyuma viwili: kimoja chembamba chenye ncha iliyopinda, kingine cha kuikaza silinda taratibu, kama unayetaka kuizungusha. Ndani ya silinda kuna pini, aghalabu tano au sita, kila moja ina vipande viwili na inasukumwa chini na springi. Ufunguo halali huziinua mpaka maungio yote yalingane kwenye mstari mmoja, silinda ikazunguka. Linus Yale Jr. wa Marekani alipata hataza ya kitasa cha namna hii miaka ya 1860, ingawa Wamisri wa kale walikuwa na makomeo ya mbao yenye wazo hilohilo. Mimi ufunguo sina, lakini nina kasoro ya kiwandani: matundu ya pini hayanyooki sawasawa kabisa, kwa hiyo ukikaza kidogo, pini moja hubana kabla ya wenzake. Unaitafuta hiyo. Unaiinua mpaka usikie tik, nayo huisikii kwa sikio, unaisikia kwenye ncha ya kidole. Kisha inabana nyingine.

Ya kwanza, ya tatu, ya tano. Nilikuwa kwenye ya nne mlango ulipogongwa kutoka ndani.

Chini kabisa, usawa wa goti langu. Kofi dogo, mara tatu. "Baba?"

Kijana hakuwa ameniambia kuna mtoto amelala ndani. Vidole vikalegea, pini zote zikarudi chini.

Manowari ina milango ya chuma isiyopitisha maji. Unakaza vishikizo vyote pembezoni mwa mlango na chumba kinakuwa kama kopo lililozibwa. Meli ikitoboka, chumba kimoja kijae ili vingine vibaki vikavu. Ndiyo hesabu yake, na ni hesabu sahihi. Kwenye zoezi moja king'ora kililia, amri ikaja, nikafunga. Mwenzangu alikuwa bado upande wa pili. Alinigongea kwa ngumi. Lilikuwa zoezi tu, hapakuwa na tone la maji, na alijua kama nilivyojua mimi kwamba sitakiwi kufungua. Mkufunzi alinisifu mbele ya wote. Jioni mwenzangu akanitania, "Wewe ungeniacha kweli." Nikacheka. Ningemwacha kweli.

Nilifuta kiganja kwenye suruali nikaanza upya. Baba mtu alilala kifudifudi, mdomo kwenye upenyo wa chini ya mlango, akimsimulia mtoto habari za sungura. Ya kwanza. Ya tatu. Ya tano. Ya nne ilikuwa na vumbi na ukaidi. Ya pili ikaja yenyewe, silinda ikazunguka. Baiskeli ilikuwa pale ukutani, uma wake mtupu.

Mtoto alipotulia begani, kijana alitazama saa kwenye simu. "Dakika sita tu, mzee?" Hakusema kwa ubaya, lakini pochi ilifunguka kwa taabu kuliko kitasa. Nilipoanza kazi hii nilikuwa najichelewesha makusudi: nakohoa, nabadilisha vyuma, naguna. Wateja walilipa na kushukuru juu. Niliacha. Ni aibu kuigiza ujinga wa kazi niliyohangaika kuijua.

Nyumbani usingizi ulikataa. Nikakaa nafuta vyuma na kumfikiria mfungwa mmoja wa Uingereza. Mwaka 1817 bandari ya kijeshi ya Portsmouth iliibiwa kwa funguo bandia. Serikali ikatangaza zawadi kwa atakayetengeneza kufuli isiyofunguka ila kwa ufunguo wake, na mwaka uliofuata Jeremiah Chubb akaleta yake: ukiichokoa vibaya inajikwamisha, na mwenyewe akija na ufunguo anajua kuna mkono umepita. Wakampa mfungwa aliyekuwa kwenye meli ya gereza, naye alikuwa fundi wa kufuli. Ukiifungua, wakamwambia, uko huru. Alihangaika nayo miezi kama miwili, mitatu, akakiri imemshinda. Wanaosimulia habari hii huisifu kufuli. Mimi huiwaza ile siku aliyoirudisha mikononi mwao.

Saa kumi ikafika. Kule melini angekuja mtu saa hiyo, uso umevimba usingizi, kunipokea zamu. Nikavikunja vyuma kwenye kitambaa chake, nikazima taa.