Stabilaiza ya Mama

Hapa Dar kijana akikuambia anashughulikia miguu ya Subaru yake, huna haja ya kuuliza zaidi. Springi zitakatwa, rimu kubwa zitafungwa, na usiku utamsikia kabla hujamwona. Mimi niliingia kwenye mambo hayo, na kwenye stabilaiza, ile fimbo ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisilale upande kwenye kona, kwa sababu mama yangu alikuwa anatapika.

Ilikuwa masika ya 2019. Mama ana kishamba Kisarawe, mihogo na minazi michache, na Jumamosi nikiwa sina kazi nilikuwa nampeleka. Gari lilikuwa Impreza ya 2004, ile yenye buti refu, injini ya lita 1.5, haina turbo wala makeke. Kutoka Tabata tunashika Barabara ya Mandela hadi TAZARA, tunapinda kulia chini ya Daraja la Mfugale, ambalo lilifunguliwa mwaka uliotangulia na bado watu walikuwa wanalisifia, halafu uwanja wa ndege, Ukonga, Gongo la Mboto. Muda wote huo mama anaongea: nani kaoa, nani kauza kiwanja. Tukishaiacha Pugu Kajiungeni na barabara ikaanza kupanda na kujikunja kando ya msitu, anakuwa kimya. Mkono unapanda taratibu kushika kishikio cha juu ya mlango.

Siku hiyo akasema, "Baba, simamisha." Nikasimamisha. Aliporudi ndani, akijifuta mdomo kwa ncha ya kanga, aliniambia ni afadhali jahazi la kwenda Mafia, kwa sababu kule walau unayaona mawimbi yakija.

Hakunionea. Kila kona lile gari lilikuwa linalala upande, na ukinyoosha usukani linainuka, linapitiliza kidogo upande wa pili, ndipo linatulia. Anayeendesha haoni shida sana, kwa kuwa ameshika usukani na anajua kona inakuja. Wa nyuma anabebwa mara mbili kwa kona moja, bila taarifa.

Binamu yangu alikuwa na dawa kabla sijamaliza kueleza ugonjwa. "Kata springi, braza. Koili moja na nusu tu. Gari likikaa chini, habari ya kulala imekwisha." Chumbani kwake amebandika picha ya Impreza ya bluu ya Colin McRae, dereva wa rali, ile iliyoshinda Safari Rally nchini Kenya mwaka 1997, na kila mjadala wa magari kwake unaanzia kwenye picha hiyo na kuishia hapo hapo. Hoja anayo, sikatai: uzito ukiwa chini gari linatulia zaidi. Ila alikuwa anazungumzia barabara ambazo Tabata hatuna. Akaamua kunisindikiza kwa fundi, ahakikishe sibadilishi mawazo njiani.

Fundi wetu ni mtu mzima, na gereji yake ni mwarobaini, shimo lililojengewa kwa tofali la kuingilia chini ya gari, na kontena la vifaa. Ana subira nyingi na dharau kidogo kwa vijana wa Subaru. Nilimpendea yote mawili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Linaumwa nini?"

Binamu akadakia na habari ya springi. Mzee alimwacha aongee huku yeye anazunguka gari na geji ya upepo. Tairi la nyuma kushoto lilikuwa chini mno kuliko wenzake. Hakusema kitu, akamtuma dogo alete pampu. Kisha akaenda pembe moja moja ya gari, akawa analikandamiza kwa uzito wake wote na kuliachia. Nyuma ilishuka, ikapanda, ikashuka, ikapanda tena.

"Shokapu nzima inapanda mara moja inatulia," akasema. "Hizi za nyuma zimeshakwenda kwa Mungu."

Akaingia shimoni, akaniita nimfuate. Alimulika tochi ya simu kwenye linki ya stabilaiza, kile kijiti kifupi kinachounganisha ncha ya stabilaiza na mkono wa gurudumu, akakitikisa kwa vidole viwili. Tk, tk, tk. Mpira wa ndani ulikuwa umepasuka, tundu lake limeliwa limekuwa refu upande mmoja, na bolti inacheza humo itakavyo. Nilipopitisha kidole, mpira ulibaki kidoleni ukiwa unga mweusi. Upande wa pili hali ilikuwa hiyo hiyo. Kwa hiyo kwenye kila kona gari lilikuwa linalala bure kwanza, mpaka ile nafasi iishe, ndipo stabilaiza inashtuka na kuanza kazi.

"Na springi, mzee?" binamu akauliza kutoka juu.

"Hiyo gari ya Safari unayoisema, ilikwenda kule ikiwa juu au chini?"

Binamu hakujibu, na alikuwa analijua jibu kwa sababu picha iko chumbani kwake. Magari ya Safari yalikuwa yanainuliwa, yanafungwa mabomba mbele ya kuzuia wanyama, na bomba la kuvutia hewa linapandishwa pembeni ya kioo ili injini isinywe maji mtoni. Mzee akaongeza jambo ambalo sikuwa nalijua. Impreza hii gurudumu lake linashikwa juu na shokapu yenyewe, na chini na mkono. Ukishusha bodi, ule mkono uliokuwa karibu mlalo unaanza kuinamia ndani, ncha ya gurudumuni inakuwa juu kuliko ya bodini, na ile sehemu ambayo gari huzungukia linapolala inashuka haraka kuliko uzito unavyoshuka. Unaweza ukashusha gari ukaliongezea hamu ya kulala. Ndiyo maana wanaokata springi mwisho wake wanahitaji springi ngumu kupita kiasi, na hapo ndipo tuta la mtaani linageuka kuwa adui.

Ya stabilaiza alinionyesha kwa spoki ya baiskeli. Aliikunja ikawa U yenye mgongo mrefu, akanipa nishike mgongo kwa mikono miwili, nisikaze sana. Akainua ncha zote mbili pamoja: ile spoki ikazunguka tu viganjani mwangu, hakuna nguvu. "Hapo umepanda tuta, magurudumu yote mawili yamepanda. Haina habari." Kisha akainua ncha moja. Mgongo ukajinyonga mkononi mwangu, na ncha ya pili, ambayo hakuna aliyeigusa, ikataka kupanda nayo. "Hapo uko kona. Huku kunabonyea, huku kunainuka, yeye anakataa." Nilielewa kwa ngozi ya viganja kabla ya kuelewa kwa akili. Springi ukiikaza inakusaidia kwenye kona, ila inakutesa kwenye tuta. Stabilaiza ukiikaza inaongea kwenye kona, kwenye tuta lililonyooka inanyamaza.

Nikauliza kama tufunge stabilaiza ngumu zaidi, na kama tuanze na ya mbele.

"Ukikaza mbele halitalala. Na kupinda halitapinda."

Injini ya Subaru imekaa mbele ya ekseli ya mbele, pua ni nzito, na ukiingia kona na mwendo kidogo gari linataka kwenda moja kwa moja. Kwenye kona uzito unahamia matairi ya nje, hilo hakuna stabilaiza ya kulizuia. Stabilaiza inaamua tu nani abebe zaidi, mbele au nyuma. Ukiongeza ugumu nyuma, nyuma inabeba zaidi, matairi ya mbele yanapata nafuu, na pua inaingia. Mbele tukakubaliana kubadilisha linki na bushi tu, zile raba zinazoishika stabilaiza kwenye bodi, stabilaiza yenyewe ibaki ya kiwandani; ya nyuma tutafute nene zaidi.

Gerezani, kule Kariakoo kwenye mafundi na spea, tulikwenda Jumatatu, mimi na binamu. Wa kwanza kukutana naye alikuwa mchomeleaji aliyesikia tunachotafuta akasema tusihangaike, atatukunjia stabilaiza ya nondo nene, jioni tuje kuchukua. Kwa uso alivyokuwa serious angeweza kumwuzia mtu. Lakini nondo ukiinyonga inabaki imenyongwa. Stabilaiza ni chuma cha springi, inanyongwa na kurudi, na hata hiyo ukiipiga moto ili uikunje unaua ile tabia ya kurudi. Tukamshukuru, tukasonga mbele.

Katika duka la spea zilizotumika kutoka Japani ilipatikana stabilaiza ya nyuma ya Impreza WRX, ile yenye turbo. Nilikuwa nimeazima kalipa ya mzee, kile kifaa cha kupimia unene. Yetu ilisoma milimita 17, hii 20. Binamu akacheka: milimita tatu ndiyo safari yote hii? Nikatoa simu nikamwekea hesabu. Ugumu wa chuma kinachonyongwa unakwenda kwa kipenyo kikizidishwa chenyewe mara nne, 20 kwa 20 kwa 20 kwa 20 ugawe kwa 17 ilivyofanyiwa vivyo hivyo. Inatoka 1.9 na ushee. Karibu mara mbili, kama zote ni chuma kilichojaa na si bomba. Muuza duka, aliyekuwa anasikiliza, akapandisha bei pale pale. Nilijifunza kuyafanyia mahesabu nje.

Bushi za stabilaiza ya 20 ni lazima ziwe za 20, za zamani hazikai. Alikuwa nazo za mpira na nyekundu ngumu za polyurethane, aina ya plastiki. Binamu alitaka nyekundu kwa sababu ni nyekundu. Nilichukua za mpira, maana zile ngumu bila grisi ya silikoni zinaanza kulia, na mama akisikia gari linalia ataniuliza limekula nini. Shokapu nne nilinunua mpya za kawaida.

Kufunga kulichukua Jumamosi nzima na sehemu kubwa ya muda huo ilikwenda kwa bolti moja iliyoshikana na kutu. Hilo sina haja ya kulisimulia. Aliyewahi kukaa gereji analijua. Kilichonivutia kilikuwa mwishoni. Kila kitu kilikuwa mahali pake, gari liko juu ya stendi, dogo ameshika spana tayari kukaza, mzee akamzuia. Walizirudisha nati zikiwa zimebana kwa mkono tu, wakashusha gari likasimama kwa uzito wake juu ya shimo, wakalisukuma mbele na nyuma, ndipo akaingia chini kukaza moja moja. Mpira wa bushi ukikazwa gurudumu likiwa linaning'inia, alisema, gari likishuka chini ule mpira unakuwa umenyongwa tangu siku ya kwanza, na haupumziki mpaka ukatike. Adhana ya magharibi ilitukuta hapo. Jumatatu nikalipeleka kufanyiwa alaimenti, yaani kunyooshwa magurudumu.

Safari ya Kisarawe iliyofuata mama alikaa nyuma kama kawaida yake, hataki mbele. Sikumwambia kitu. Baada ya Pugu Kajiungeni alikuwa bado anaendelea na kesi ya kiwanja cha jirani, kona ya kwanza, ya pili, na mkono haukupanda. Gari lilikuwa linapinda limesimama. Usukani nao ulikuwa umebadilika: zamani unaukata, unasubiri, ndipo pua inafuata, sasa vinakwenda pamoja. Kwenye kona ya kupanda ndefu kuliko zote akanyamaza, nikamtazama kwenye kioo. Alikuwa amelala.

Si kwamba kila kitu kilipendeza. Mtaani kwetu, ambako mashimo yako upande mmoja wa njia, lile shimo la gurudumu la kushoto sasa linafika na kulia, na kichwa kinatikiswa huku na huku. Ndiyo gharama yake. Kwa anayeishi mtaa wa lami nzuri asingeisikia, na kwa anayeishi kwenye vumbi na makorongo ningemwambia abaki na 17 yake, abadilishe linki na shokapu tu. Nusu ya raha aliyoipata mama nadhani ilitoka huko.

Jambo la pili lilijitokeza kwenye kurudi. Mvua ilikuwa imenyesha, tunateremka Pugu, na kwenye kona moja nyuma ilihisi nyepesi. Haikuserereka, ila ilitaka. Nikaachia mafuta taratibu, nikashuka polepole hadi chini. Mzee aliposikia hakugusa stabilaiza. Aliinama nyuma ya gari akapitisha ukucha kwenye mifereji ya tairi. Wengi wetu hapa mjini tukinunua matairi mawili mapya tunayafunga mbele, na yaliyochoka yanahamia nyuma. Kwa gari lililoongezewa ugumu nyuma, barabara ikilowa, ni kinyume.

"Mazima yaende nyuma," akasema. "Haya ya nyuma usiyahamishie mbele. Tupa."

Matairi mawili yalikuwa ghali kuliko stabilaiza, linki na bushi kwa pamoja. Mama akalipia moja kwa pesa ya mihogo, na risiti akaitaka iandikwe jina lake.