Jumatatu ya mwalimu wa ushauri nasaha

Saa 11:40 alfajiri

Simu yangu ilikuwa imejaa ujumbe kabla sijatoka kitandani. Jumamosi usiku wanafunzi wetu 12, wenye umri wa kati ya miaka 14 na 17, walikusanyika katika nyumba ambayo wenyewe walikuwa wamesafiri, wakanywa pombe kali, na mmoja wao, mvulana wa miaka 15, akaishia hospitalini. Kwamba amezinduka nilikwisha kuambiwa Jumapili. Kilichoingia alfajiri hii ni video iliyopigwa na mmoja wa waliokuwapo, ambayo ilikuwa imekwisha kuzunguka katika simu za nusu ya shule.

Katika kundi la walimu, wenzangu walikuwa wakiandika yale yale yanayoandikwa kila linapotokea tukio la namna hii, kwamba vijana wa siku hizi wameharibika na kwamba enzi zetu mambo hayakuwa hivi. Nilianza kujibu, nikafuta. Nchini Marekani, ambako wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari wamekuwa wakiulizwa kuhusu jambo hili tangu mwaka 1975, zaidi ya 7 kati ya 10 walikiri mwaka 1980 kwamba walikunywa pombe katika siku 30 zilizotangulia. Mwaka 2023 waliokiri hivyo walikuwa takribani 1 kati ya 4. Enzi zetu tulikunywa, ila hapakuwa na mtu wa kutupiga video.

Saa 1:15 asubuhi

Nilisimama langoni kama kawaida. Wanaojua jambo nawatambua kwa salamu zao, kwa maana huamkia wakitazama viatu vyangu.

Saa 2:00 asubuhi

Nilifunga mlango wa ofisi, nikaweka saa ya mkononi mezani, nikaifungua ile video. Ina urefu wa sekunde 42. Mvulana amelala chali juu ya zulia, mdomo wazi, kiatu kimoja kimemtoka, na mkono wa mtu asiyeonekana unamchora masharubu kwa kalamu ya wino mzito. Wanacheka. Sauti moja inasema, “Kazima huyo! Mwacheni alale, kesho atakuwa mzima.”

Mara ya pili niliizima sauti nikatazama kifua chake peke yake. Katika sekunde 30 alivuta pumzi mara 3, yaani mara 6 kwa dakika, wakati mtu mzima wa afya aliyelala huvuta mara 12 au zaidi. Tunafundishwa kwamba pumzi zikipungua chini ya 8 kwa dakika, au zikipishana kwa zaidi ya sekunde 10, huyo si mtu aliyelala bali ni mtu aliyedhuriwa na sumu. Kati ya pumzi ya pili na ya tatu nilihesabu sekunde 12. Katika muda huo ile kalamu ilimaliza shavu la kushoto ikahamia la kulia.

Neno “mwacheni alale” ndilo linaloniogopesha kuliko chupa zenyewe, kwa sababu linasemwa kwa wema. Aliyesema aliamini kwamba mtu akiacha kunywa basi ulevi nao unaanza kushuka, kumbe pombe iliyobaki tumboni huendelea kuingia katika damu hata baada ya fahamu kupotea, na ini huondoa takribani kinywaji kimoja tu kwa saa, wala hakuna kahawa, maji baridi wala kutembezwa uani kutakakoliharakisha. Aliyelewa kupindukia hupoteza pia ile kinga ya koo inayomfanya mtu akohoe anapopaliwa, hivyo akitapika akiwa chali matapishi huweza kuingia mapafuni bila yeye kushtuka. Kwa watoto na vijana kuna la ziada: ini likishughulika na pombe hushindwa kutengeneza sukari ya kutosha, na sukari ya damu huporomoka kimyakimya.

Saa 3:30 asubuhi

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Kaa.”

Alikaa ukingoni mwa kiti, begi mapajani. Huyu ndiye aliyepiga simu ya dharura. Alinieleza kwamba aliona midomo ya mwenzake imebadilika rangi, akamgeuza ubavu kama alivyowahi kumwona shangazi yake akimfanyia mgonjwa, kisha akawaomba wenzake wapige simu. Walikataa. Mmoja alimnyang’anya simu, akairudisha baadaye kwa sharti kwamba asiwaponze. Mwishowe alijifungia chooni akapiga kwa kunong’ona.

“Tangu uone hali imekuwa mbaya mpaka kupiga, ulisubiri muda gani?”

“Dakika arobaini, mwalimu.”

“Kwa nini?”

Hakunitazama. “Kanuni ya tisa.”

Kanuni ya tisa inasema kwamba mwanafunzi yeyote atakayekutwa mahali penye ulevi, awe amekunywa au hajanywa, atafukuzwa shule. Niliiandika mimi mwenyewe miaka minne iliyopita, na nakumbuka nilivyojivunia kwamba ni fupi na haina mwanya. Binti huyu hakuwa amekunywa hata tone. Katika dakika 40 zile, mvulana akivuta pumzi 6 kwa dakika, yeye alikuwa akipima uhai wa rafiki yake dhidi ya sentensi yangu.

Nilimwahidi kwamba jina lake halitatoka kinywani mwangu. Alipoondoka nilikaa kwa muda bila kufanya lolote.

Saa 5:00 asubuhi

Mama wa mvulana alifika akitokea hospitalini, hajalala. “Mwalimu, mwanangu hajawahi kugusa pombe,” alisema, nami nilimwamini. Mwili usiozoea ndio unaozidiwa upesi, tena mnywaji mgeni hana kipimo cha kujua amefika wapi. Lakini alipoendelea kusema kwamba ni marafiki ndio waliomharibu, nilimsimulia jaribio ambalo wanasaikolojia Margo Gardner na Laurence Steinberg walilichapisha mwaka 2005. Waliwapa watu wa rika tatu mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta. Vijana wadogo walipocheza peke yao hawakuwa wazembe kupita kiasi. Walipotazamwa na wenzao hatari walizojitia ziliongezeka sana, ilhali kwa watu wazima kutazamwa hakukubadili kitu kikubwa. Hao watazamaji hawakuwa wabaya. Walikuwa marafiki tu, na mtoto wake naye ni rafiki wa mtoto wa mama mwingine.

Aliuliza pia kama ingefaa amwonjeshe kidogo nyumbani ili ajifunze kiasi. Swali hili huulizwa na wazazi wenye busara kabisa. Nilimweleza kwamba utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 1997 uliona kuwa zaidi ya asilimia 40 ya walioanza kunywa kabla ya miaka 15 walikuja kuwa tegemezi wa pombe wakati fulani maishani, wakati kwa walioanza wakiwa na miaka 20 au zaidi ilikuwa kama asilimia 10. Kuanza mapema huenda ni dalili ya matatizo mengine na si chanzo pekee. Hata hivyo sijaona sababu ya kuwaharakisha.

Saa 8:30 mchana

Chakula cha mchana kilinipita nikijibu simu za wazazi, kisha tukaingia katika kikao cha kamati ya nidhamu. Pendekezo lililokuwa mezani lilikuwa kuwafukuza wote 12. Nilisema kwamba kanuni niliyoiandika nusura iue mtoto, na nikaomba tuongeze sentensi moja: anayeita msaada kwa ajili ya mwenzake aliyelewa, pamoja na huyo mwenzake, hawataadhibiwa kwa kosa la ulevi. Niliwaambia kwamba Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kilianza utaratibu wa namna hiyo mwaka 2002, na katika miaka iliyofuata simu za kuomba msaada ziliongezeka.

“Kwa hiyo tuwape leseni ya kunywa?” aliuliza mwenzangu mmoja.

Halikuwa swali la kejeli. Nilijibu kwamba siku ile ya Jumamosi adhabu kali ilikuwapo, nao walikunywa. Walichoogopa ni kupiga simu, si kufungua chupa. Tulibishana karibu saa nzima, tukaahirisha uamuzi hadi Alhamisi. Orodha ya watakaofukuzwa haijabadilika, na jina la yule binti limo.

Saa 10:00 jioni

Tisa kati yao walikuja ukumbini. Sikuwahubiria. Nilitandika mkeka wa mazoezi, nikamlaza kijana mrefu kuliko wote, nikawaonesha: mkono wa upande wako unyooshwe pembeni, wa pili uletwe chini ya shavu, goti la mbali likunjwe, kisha umvute kwa goti hilo mpaka alale ubavu, kichwa kikielekezwa nyuma kidogo ili njia ya hewa iwe wazi. Umpigie nani simu, ukae naye, uhesabu pumzi. Walicheka alipolazwa wa kwanza. Ilipofika zamu ya kijana aliyeshika kalamu ile Jumamosi, mikono yake ilikuwa ikitetemeka, na hakuna aliyecheka.

Kisha niliwaomba wafumbe macho, nikawauliza swali linalotangulia katika dodoso ambalo madaktari wengi hulitumia kwa vijana: nani amewahi kupanda gari linaloendeshwa na mtu aliyelewa? Ilinyooshwa mikono saba. Wawili walinifuata baadaye, kila mmoja kwa wakati wake, kuniambia kwamba dereva alikuwa baba.

Kabla ya kuwaruhusu niliandika namba yangu ya simu ubaoni. Nilisema nitapokea saa yoyote, na sitauliza swali lolote mpaka asubuhi.

Saa 12:30 jioni

Mvulana alikuwa ameketi kitandani, dripu imekwisha kutolewa. Manesi walikuwa wamemsugua uso, lakini ukimkaribia uliona kivuli cha wino shavu la kulia.

“Mwalimu, nani alipiga simu?”

“Rafiki yako.”

Alifikiri. “Wenzangu wananiandikia kwamba nimewaponza.”

Nilimuuliza kama ameiona video. Alitikisa kichwa kukataa, akauliza kama ni mbaya. Nilimwambia ukweli, kwamba ni mbaya, na kwamba akitaka kuitazama siku moja nitakaa naye.

Saa 4:20 usiku

Nilikuwa nimezima taa simu ilipoita. Namba nisiyoijua. Nilipokea, nikasikia pumzi tu, halafu sauti ya mvulana iliyojaribu kuwa nzito.

“Mwalimu, hakuna tatizo. Nilikuwa nataka kujua tu kama kweli unapokea.”

Akakata kabla sijasema neno.