Namba Kwanza, Bei Baadaye

Mzee mmoja wa Pongwe, hapa Tanga, aliniambia kwamba anauza bunduki yake aina ya shotgun, nami, kwa kuwa nguruwe pori wanamaliza mahindi yangu huko Muheza, niliitamani. Hata hivyo, kabla ya kuzungumza bei niliomba kuiona namba iliyochongwa kwenye chuma, kwani kitako cha mbao hubadilishwa kwa urahisi, nikailinganisha tarakimu kwa tarakimu na ile iliyoandikwa katika leseni yake. Niliipapasa pia kwa kidole, maana mahali palipopigwa tupa ili kufuta namba huwa laini na hung'aa kuliko sehemu nyingine. Ningeona dalili hiyo, nisingeendelea hata kwa bei ya kutupa.

Kisha tulikwenda pamoja polisi, kwa sababu Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hairuhusu watu kuuziana bunduki kienyeji, na ni polisi wanaoweza kuitafuta namba hiyo miongoni mwa silaha zilizoripotiwa kuibwa. Nilihofia kwamba mzee angeudhika.

"Mwanangu," aliniambia tukiwa kwenye benchi, "usingeuliza, nisingekuuzia."